Barua ya Shukrani kwa Mlinzi wa Abu Hamour

Hapa Doha mtu haulizwi jina kwanza, anaulizwa anatoka wapi. Nikijibu Kanada, muulizaji hunitazama usoni, kisha huuliza tena: "Sawa, lakini kabla ya hapo?" Nikisema Kenya, sauti yake hushuka. Nikitoa pasi ya Kanada, sauti hupanda. Nimeishi na upandaji na ushukaji huo miaka minne na bado unanitia kinyaa. Kinachonitia kinyaa zaidi ni kwamba siku hizi naitoa pasi kabla sijaombwa.

Kazi yangu ni kuwafundisha wauguzi kutumia mfumo wa kompyuta wa kuandikia habari za wagonjwa. Mwenzangu wa meza ya pili ni Mkenya wa pasi ya Kenya, amesoma kunishinda, na ni yeye ninayemuuliza mfumo ukinigomea. Anaishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud katika chumba cha watu wanne, kitanda chake kimezungushiwa pazia la maua. Mimi nimepewa nyumba ya vyumba vitatu Abu Hamour, ndani ya kompaundi yenye ukuta na geti, nikae peke yangu na mwangwi wangu. Siku moja akaniambia akicheka, "Wewe ndiye mzungu wetu." Nikacheka naye. Halafu nikaenda msalani nikakaa huko mpaka uso ulipoacha kuwaka.

Wakanada tuko kama tisa katika kompaundi hiyo, na meneja wake ni Mkanada pia. Kila Julai tunaadhimisha siku ya taifa sebuleni kwake, kwa sababu nje hakukaliki kwa joto. Mwaka huu, kama ilivyo desturi yetu siku hizi, tulianza kwa kukiri kwa sauti ya unyenyekevu kwamba ardhi tuliyoiacha nyumbani si yetu, ni ya wenyeji tuliowapora. Tukanyamaza kidogo, tukala soseji. Ndipo yakaanza yale yetu: bei ya nyumba Toronto, waziri mkuu, na namna watu wa huku wanavyowatesa wafanyakazi. Hilo la mwisho lilisemwa na mwanamke aliyekuwa akimnyooshea sahani chafu dada wa kazi bila kugeuza shingo. Dada wa watu alikuwa amesimama tangu tulipofika. Nami nililiona, nikaongeza haradali.

Getini kulikuwa na mlinzi, binti wa Murang'a wa miaka ishirini na minane. Mimi mzaliwa wa Limuru nilipomsalimu kwa Kikuyu, lugha ya kwetu, mara ya kwanza, alishika mdomo. Tangu siku hiyo akaacha kuniita madam, akaniita auntie. Alikuwa na kibanda cha kioo ambacho kiyoyozi chake kilikufa mwezi wa tano, na sare ya mikono mirefu aliyofunga mpaka kifungo cha shingo. Kila asubuhi nikitoka alinipa habari za harusi yake kwa vipande vya dakika moja moja, kabla gari la nyuma halijapiga honi.

Si harusi ya kanisani. Ilikuwa ngurario, ile siku ya kwetu ambayo upande wa mwanamume unakuja kukamilisha mambo ya mila. Bibi harusi hufunikwa leso gubigubi pamoja na wanawake wengine, wakapangwa mstari, na bwana harusi lazima amtambue wake. Akikosea anatozwa faini na kuchekwa mpaka uzeeni. Siku ilipangwa Jumamosi ya pili ya Agosti. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepangwa pia, ikaahirishwa kwa sababu kampuni ya ulinzi ilisema hakuna mtu wa kushika zamu yake. Sasa likizo ilikuwa imetiwa sahihi, na wazee wa mwanamume walishasema hawataahirisha mara ya pili.

"Auntie, kila kitu kinaweza fanyika kwa simu," aliniambia. "Dua kwa simu, hotuba kwa simu. Lakini simu haifunikwi leso."

Katikati ya Julai, saa saba mchana, nilirudi kutoka dukani kwa miguu kama mjinga, kwa sababu duka liko ng'ambo ya barabara na Mkanada akikaa ndani siku tatu anaanza kutamani kutembea. Nilipofika getini dunia ikazunguka. Yule binti alinidaka, akaniketisha kwenye kiti chake, akanimwagia maji kichwani, akanipa mengine ya kunywa. Akabeba mifuko yangu, akanishika mkono mpaka mlangoni, akasubiri nipate fahamu sawasawa. Labda ilikuwa dakika kumi na tano.

Jioni hiyo nikafanya jambo ambalo Mkenya yeyote wa hapa angeniambia nisilifanye, kama ningeuliza. Mkenya wa hapa hushukuru kwa siri: atakununulia soda, atakutumia kitu kidogo kwa simu, ataiombea familia yako. Anajua kwamba jina la mdogo likifika mezani kwa mkubwa, hata kwa jambo jema, mkubwa atalisoma mara mbili. Lakini miaka ishirini na miwili Kanada imenifundisha kwamba mtu akikutendea wema unamwandikia bosi wake. Nikaketi na chai yangu, nikamwandikia meneja barua pepe tamu. Nikaeleza jinsi mlinzi wake alivyoacha kila kitu kuja kuniokoa, jinsi alivyonisindikiza hadi nyumbani na kukaa nami. Nikaongeza, kwa ujasiri ulionipendeza sana, kwamba aliniambia kiyoyozi cha kibanda kimekufa miezi miwili na ni aibu. Nikaisoma upya nikajiona mtu mwema, nikalala usingizi wa mtoto.

Siku ya tatu getini kulikuwa na mwanamume mpya, Mganda, mpole, ambaye hakujua lolote.

Nilimwendea meneja ofisini. Alinikaribisha kwa kahawa. "Pole sana," akasema, na kabla sijaketi alikuwa ameshasema pole mara tatu, kama tulivyozoea sisi Wakanada. Akanieleza kwamba aliipeleka barua yangu kwenye kampuni ya ulinzi kwa nia njema. Kampuni ikaisoma, ikaona mambo mawili: mlinzi aliacha geti bila mtu kwa robo saa, na anapeleka malalamiko kwa wakaazi. Wamemhamisha, na likizo yake imesogezwa hadi Desemba.

"Mwambie wamrudishe," nikasema. "Kosa ni langu."

"Nakuelewa kabisa. Lakini huo ni mkataba wao, mimi siwezi kuingilia. Ni utamaduni wa hapa."

Utamaduni wa hapa! Mkanada wa Alberta amesambaza barua ya Mkanada wa Ontario, na mwenye kosa ni utamaduni wa Waarabu. Nilimtazama akipuliza kahawa yake. Nilitaka kumtukana kwa Kikuyu. Badala yake nikamshukuru kwa muda wake, kwa Kiingereza safi, na maneno yalitoka mdomoni yakiwa yamekunjwa vizuri. Njiani kurudi nyumbani nilijichukia kuliko nilivyomchukia yeye.

Mganda ndiye aliyeulizia kwa wenzake akaniambia alikopelekwa: bohari moja ya vifaa vya ujenzi, kaskazini mwa jiji, kupita Umm Salal, kwenye mashamba yaliyozungukwa na vumbi. Ilipopita ile Jumamosi ya pili ya Agosti ndipo nikapata moyo wa kwenda. Nilimkuta amesimama kwenye geti la mabati, chini ya mwavuli uliochanika upande mmoja. Alikuwa amekonda. Niliegesha karibu naye, nikashusha kioo, nikamuuliza habari ya ngurario huku nikiogopa jibu.

"Wazee walingoja hadi Jumatatu," akasema akitazama barabara, si mimi. "Wakasema mwanamke ambaye hata kujifunika leso hana nafasi, atapata nafasi ya kuwa bibi saa ngapi? Wameenda kuposa kwa boma lingine, auntie. Jirani yetu. Kijana naye hakubisha."

Nikasema pole. Nililisikia neno hilo likitoka na nikalitambua ni la yule meneja. Nikaanza kuongea haraka: nitaiandikia kampuni, nitaandika kwa wizara, nitaeleza kwamba aliokoa maisha ya raia wa Kanada, watalazimika kusikiliza.

Hapo ndipo aliponigeukia. "Nakuomba kwa jina la Mungu, usiniandikie. Usimwambie mtu yeyote kitu kizuri kunihusu. Kama unataka kunisaidia, usinijue."

Juu ya geti kamera ndogo ilikuwa imeelekezwa kwetu. Aliiona kabla yangu. Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama wima, akainua mkono kama anayeongoza magari, na sauti yake ikawa ya kazi.

"Madam, hapa si pa kuegesha. Tafadhali ondoa gari."

Nikaondoa gari.