Sado ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kurudisha chombo cha jirani kikiwa kitupu. Ukimpelekea mboga, bakuli lako litarudi na limao au konzi ya karanga, hata kama mmenuniana. Ndivyo alivyolelewa huko milimani Ileje, na alipohamia kwetu Tunduma alikuja na sheria hiyo pamoja na ulimi wake.

Mume wangu ni dereva wa lori. Wakati huo alikuwa akipeleka njegere kavu za msaada Kongo, kwenye kambi ya waliokimbia vita. Siku moja tulimpelekea chakula kwenye foleni ya mpakani.

"Hizo njegere zimetoka wapi?" mama mkwe akauliza.

"Ng'ambo, mama. Kwa wafadhili."

"Na bunduki?"

"Nazo ng'ambo."

"Basi hao watu wamekosa jirani."

Safari iliyofuata akajaza maharage kwenye sado yake, kile kindoo cha kupimia sokoni. "Mpe mama yeyote wa huko. Ila chombo changu nakitaka." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kindoo kishindane na lori zima!

Lori likarudi tupu, sado ikarudi imejaa njegere: zile zile alizopeleka mume wangu. Tulizichemsha tangu asubuhi, gesi yangu ikaisha, na bado zilikuwa ngumu. Nilinuna. Mama mkwe alitafuna kwa furaha. "Huyo mama ana adabu," akasema, huku akinitazama mimi.

Tangu hapo sado ikawa inakwenda na maharage, inarudi na njegere. Mwanamke yule hatukumjua, ila salamu zake, "Aksanti mingi, mama," mume wangu aliziiga mpaka tukavunjika mbavu.

Kisha wapiganaji wakaivamia kambi. Mume wangu alikuta mahema yamelala chini na watu wametawanyika. Sado aliipata kwa mlinzi wa ghala.

Mama mkwe akafungua mfuniko, akachungulia, akaigeuza na kuigonga kitako. Hamna kitu.

"Yule mama hawezi kunirudishia chombo kitupu," akasema. "Si yeye aliyekirudisha."

Akaiosha, akaijaza maharage, akampa mwanawe. "Kamtafute."

Safari hiyo mume wangu alikuwa anapeleka saruji Lusaka, wala hafiki Kongo. Akaipokea kwa mikono miwili.