Saa ya Mdogo Wangu na Yangu

Mdogo wangu alifika kutoka Ubelgiji mama akiwa ameshazikwa. Karatasi za safari zilimchelewesha. Nilimpokea kwenye uwanja wa ndege wa Kamembe, tukakumbatiana, kisha tukapanda teksi hadi nyumbani Giheke bila kusema mengi. Aliondoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka tulikoishi zamani, akiwa kijana asiye na ndevu. Sasa alikuwa na upara, na mkononi amevaa saa inayong'aa.

Nyumba ile nilikuwa nikikaa na mama. Tangu afariki nabaki peke yangu; asubuhi naenda Kamembe kuuza misumari na mabati, jioni narudi. Nilidhani mdogo wangu akija tutazungumza mpaka tuchoke. Nilimpeleka kaburini, akalia, nami nikasimama pembeni. Tuliporudi tuliketi sebuleni na chai. Nikamuuliza habari za batoto. Akasema wazima, wanasoma. Akaniuliza habari za duka. Nikasema linaenda. Maneno yakaisha.

Ndipo akaitazama saa yangu.

"Yaya," akasema, kama tulivyofundishwa kumwita kaka mkubwa, "hii unaitiaka ufunguo?"

"Kila asubuhi. Nikisahau, inasimama."

"Hata yangu haina betri."

Akaivua, akaigeuza. Mgongo wake ulikuwa wa kioo. Ndani niliona magurudumu madogo, na kipande cha chuma kama nusu mwezi kikizunguka kila alipoitikisa. Alieleza kwamba hicho ndicho kinachoitia ufunguo: ukitembea, ukiinua mkono, yenyewe inajijaza. Yangu niliinunua sokoni kwa bei ya viatu vya mitumba. Yake, alisema kwa aibu kidogo, ingenunua ng'ombe wawili.

Tukaziweka sikioni kwa zamu. Yangu ilipiga kama mtu anayekatakata vitunguu kwa haraka. Yake ilibidi uzuie pumzi ndipo uisikie. Tukazipanga sawa kwa kufuata simu, na kesho yake yangu ilikuwa imekimbia dakika nne, yake hatukuona tofauti yoyote.

"Yako inakimbilia wapi?" akauliza, akacheka. Nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje.

Basi kila asubuhi tukaziweka pamoja mezani. Tulizungumzia mikanda, vioo, jasho linavyoharibu chuma. Nilitaka kumwambia jinsi mama alivyomngoja siku za mwisho, akidhani kila gari linalopanda kilima limemleta yeye. Nilifungua kinywa, nikajikuta namuuliza kama saa yake inavumilia maji.

Siku ya kuondoka, tukiwa uwanja wa ndege, aliivua saa yake, akanisogezea.

"Kamata, yaya. Ibaki na wewe."

"Hapana."

"Juu ya nini? Mimi nitanunua ingine."

"Nikiivaa, kila muntu dukani ataniuliza imetoka wapi. Kila siku nitakuwa naeleza habari yako, na wewe hauko."

Nilidhani nimemuumiza. Kisha akanyoosha mkono.

"Basi unipe yako."

Nikaivua, nikamfungia mwenyewe kwenye mkono wa kulia, na yake ikabaki kushoto. Aliingia kwenye ndege hivyo hivyo, amevaa saa zote mbili, kama mchuuzi anayetembeza bidhaa zake. Alipungia mkono mara moja.

Nilirudi Giheke mchana ule ule. Jirani yangu aliniuliza, "Mugeni ameenda?" Nikasema ameenda, nikaingia ndani, nikaketi nikiwa bado na viatu. Kitanda chake alikuwa amekitandika vizuri mno, kama cha hoteli. Sikukigusa kwa muda mrefu.

Baada ya hapo alianza kupiga simu Jumapili baada ya ibada. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi: mvua, batoto, duka. Jumapili moja, sijui kwa nini siku hiyo, nilimwambia yote. Magari, mama akiinuka kitandani, mimi nikimwambia si yeye, lala.

"Mbona haukuniambia nikiwa hapo?" akauliza.

"Ulikuwa karibu sana. Sikuweza."

Hakukata simu. Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake mtoto akiuliza kitu kwa Kifaransa. Tulikaa hivyo mpaka mtandao ukakatika.