Kuku wa Mbegu Kutoka Chita

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo ndilo lililonifanya nimwogope. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu alikuja kutoka Chita kutusalimia hapa Lipangalala. Alishusha mfuko wa mchele, kisha akafunua kikapu akatoa tetea mweusi mwenye madoa meupe shingoni, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Huyu si wa kuliwa," alisema. "Ni wa mbegu. Mimi mbegu hii nilipewa na mama mkwe wangu."

Alikaa siku mbili, akarudi kwake. Mimi nikabaki na kuku na hofu. Katika ukoo ule kila mke anayeolewa hupewa kuku wa mbegu, na habari za huyo kuku huulizwa kabla ya habari za mume. Kuku wa mke wa shemeji yangu mkubwa aliliwa na kicheche, na hadithi ile ilisimuliwa kwenye kila harusi na kila msiba, mwenyewe akiwa amekaa palepale anamenya vitunguu. Nami nilikuwa mtoto wa dukani, nimeolewa kwa wakulima bila kujua hata kupepeta. Nilitaka jambo moja tu: mama yule aniamini.

Ulikuwa wakati wa mavuno. Siku zile kila ua mtaani umetandikwa turubai, mpunga umeanikwa, na kuku wote wanafungiwa. Kuku wako akikutwa kwenye mpunga wa jirani, maneno utakayoambiwa utayakumbuka mpaka mvua zirudi. Basi matetea wangu sita walishinda kwenye banda dogo la mabanzi, joto limewapiga, wanasikia mpunga ukigeuzwa hatua tatu kutoka walipo na hawaupati. Walipiga kelele kutwa. Mimi niliwaona wasumbufu tu.

Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na kitambaa chake cha kufunga kuku mguuni ili wasichanganyike. Wengine walifunga cheupe, wengine cha bluu. Sisi tulifunga chekundu. Wale sita wa kwangu walifungwa zamani, vitambaa vyao vimeshafifia na kuwa rangi ya udongo. Nikachana kipande cha kitenge kipya, chekundu kinachowaka, nikamfunga mgeni, nikamtia bandani saa nne asubuhi na kwenda kufua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema. Hawakusema kamba iwe ya rangi gani, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza.

Niliporudi nilimkuta amejibanza kwenye kona, kichwa amekificha chini ya ubanzi. Wenzake walianza na kitambaa, wakafika kwenye ngozi, damu ilipotoka wakapanda mgongoni. Karibu na mkia manyoya yalikuwa yameisha na nyama inaonekana. Tetea wangu mkubwa wa kahawia alikuwa bado anamdonoa, taratibu, kama anayechambua mchele. Nilimtoa mgonjwa nikiwa nalia, nikamfunika kwa tenga jikoni.

Mume wangu alirudi jioni kutoka shambani, akamtazama, akasema, "Tumchinje kabla hajafa. Mama tutamwambia ni kicheche."

"Kicheche yupi huyo anayewafuata wake wa kwenu tu?" nilimjibu, na hatukusemezana mpaka kesho yake.

Nilimwosha kidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikampa maji ya kunywa kwa kijiko. Siku ya tatu mama mkwe alipiga simu. Tulisalimiana, nikampa shikamoo yake, akaitikia, kisha akauliza kama nilivyojua atauliza.

"Kuku wetu anaendeleaje?"

Kuku wetu alikuwa miguuni pangu, amefumba macho. "Hajambo kabisa, mama," nilisema. "Ameshaanza kuatamia."

Mpaka leo sijui neno lile la mwisho lilitoka wapi. Hajambo ingetosha. Lakini ulimi ukishaanza kupamba hauna breki.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu ilikuwa na urefu wa siku tano. Alikuja bila kupiga simu, amebeba ndoo ndogo iliyojaa pumba. Kabla hajakaa aliingiza mkono kwenye pumba akatoa yai, halafu jingine. Yalikuwa mayai kumi na mawili ya kanga, wale ndege wa madoadoa.

"Kanga ni mama mbaya, anaacha mayai," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Nikasema kwa kuwa tetea wako ameshakaa, tumwongezee haya. Yuko wapi?"

Nilimwonyesha jikoni. Alinyanyua tenga, akachuchumaa, akamgeuza kuku na kutazama kidonda kwa muda mrefu. Nilikuwa nasubiri aninyanyukie. Nilitamani hata anitukane.

"Nani alimfanya hivi?"

"Wenzake, mama. Nilimfunga kitambaa chekundu, nikamwingiza mchana. Sikujua." Kisha nikamaliza yote, hata ya kuatamia.

Akanituma duka la dawa nikalete GV, ile dawa ya vidonda. Alimpaka mgongo mzima mpaka akawa zambarau tupu. "Wakiona chekundu watarudia," alisema. "Hii inaponya, tena inaficha." Akamwangalia vizuri, akacheka kwa pua tu. "Sasa amekuwa padri wa Kwaresima." Na mimi nikacheka, machozi yakinitoka.

Alikaa wiki mbili, na ndizo wiki ninazozikumbuka kuliko zote za ndoa yangu. Asubuhi tulianika mpunga pamoja, naye akinifundisha kuugeuza kwa mguu. Mchana tulishughulikia kuku. Alivikata vitambaa vyote vyekundu. Alifunga fungu la matembele kwa kamba, akalining'iniza bandani usawa wa vichwa vyao, wawe na la kudonoa. Chenga za mchele alizichanganya na pumba chini, ili wachakure kutwa wakizitafuta. Aliongeza chombo cha pili cha maji, maana yule wa kahawia alikuwa anakilinda kimoja kama chake.

"Kuku aliyefungiwa bila kazi anakuwa kama mtu," aliniambia. "Unadhani ana roho mbaya, kumbe amechoka."

Jambo lililonishangaza zaidi ni pale alipomtoa yule wa kahawia na kumfungia yeye kwenye tenga siku nne, na mgonjwa, kidonda kikiwa kimekauka, akamrudisha bandani magharibi, wenzake walipokuwa wameshapanda kulala. Asubuhi waliamka naye kana kwamba alikuwepo siku zote. Yule wa kahawia aliporudi, ndiye alikuwa mgeni.

Na yale mayai? Usiku ule wa kwanza tuliyachemsha. Tuliyala na chumvi, watu watatu. Mume wangu alipoondoka mezani, mama aliweka ganda chini.

"Mwanangu," alisema, "habari njema nina watu wengi wa kunipa. Wanangu wote wanne wananipa. Wewe nipe ya kweli."

Nilimwahidi, na nilitimiza. Miaka iliyofuata alinipigia kila Jumapili baada ya misa. Nilimwambia mpunga ulipozama. Nilimwambia mwanawe alipoanza kunywa, jambo ambalo mwanawe hakunisamehe haraka. Naye alinijibu kwa kipimo kilekile: kwamba macho yanafifia, kwamba siku nyingine hana hamu ya kumwona mtu.

Mwaka juzi, siku ya Jumatatu, simu yake iliita mapema. Nilimpa shikamoo. Akaitikia, akapumua kidogo.

"Mwanangu, neno 'sijambo' nimewaambia wanangu wote jana. Wewe nakwambia, mimi ninaondoka. Njoo."

Nilimwambia mume wangu. Akasema nisimtishe, jana tu ameongea na mama na sauti yake ilikuwa nzuri. Sikubishana naye. Nilifunga nguo mbili nikaondoka.

Nilikaa naye siku tisa. Nilimwogesha, nikampikia uji, na alipoweza kukaa nilimtoa nje akawatazama kuku wake. Wanawe waliwahi kumzika. Mimi nilimwahi akiwa hai.