Kikohozi Kinachojua Mlango

Nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi hapo Kakuma, mjomba wangu Ekiru alikuwa anakohoa mpaka ngamia za Lokitaung zinaamka. Nadanganya? Kidogo tu. Mimi niliacha shule darasa la tano kwa sababu kichwa ilikuwa imejaa, lakini hiyo kikohozi naijua kuliko madaktari wote wa dunia.

Mara ya kwanza alipona. Alimeza dawa siku mbili, homa ikashuka, akaamka akiuliza nyama iko wapi. Dawa zenye zilibaki akampea Lomeri, dume lake la mbuzi, kwa sababu na yeye alikuwa anakohoa. Mturkana na dume lake, hapo usiingilie. Lomeri aliimbiwa kuliko mke.

Ata, ndiye nyanya yangu, hakucheka na sisi. Aliziba mlango ya nyumba yetu ya matawi, akafungua nyingine upande wa nyuma.

"Mama, unahama bila kuhama?" mjomba akamtania.

"Kikohozi ni kama mwizi wa mifugo. Umpige risasi moja atoroke, atarudi. Na akirudi, ameshajua bunduki yako inapiga wapi. Wacha akose mlango."

"Basi nitasimama nje nimwonyeshe njia!"

Tukacheka. Na mjomba, kwa ubishi, akaendelea kupita palepale pa zamani, akipasua matawi na mabega.

Kabla mvua inyeshe kikarudi. Tukanunua dawa ileile, na safari hii akameza zote. Siku ya tatu ungeweza kuchemsha chai juu ya tumbo lake. Mate ikawa rangi ya kutu. Akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani kama za mbuzi mwenye mapafu imeoza, na hiyo kila mchungaji anaijua. Ata akaweka sikio kwa mgongo yake, akalitoa. Alienda akakaa kwa ile mlango ya zamani, akaiziba na mwili wake.

Tukampeleka hospitali Lodwar. Daktari aliongea na Ata polepole.

"Mama, hii homa ilifaa kushuka. Wadudu wa kifua wameizoea dawa. Tumebadilisha, hata hiyo ingine wanakataa."

"Wamejua bunduki," Ata akasema.

Daktari akaangalia chini. "Ndiyo, mama."

Mjomba, midomo kama majivu, akanivuta shati. "Lomeri bado anakohoa?"

"Amepona, mjomba! Amenenepa kama ndovu, anakataa kuingia boma."

Alitaka kucheka, ikatoka kikohozi. Asubuhi tulimfunika uso. Lomeri tulikuwa tumeshamzika kabla ya kutoka Kakuma, na mimi ndiye nilimburuta. Nimedanganya watu wengi, lakini hiyo ndiyo ya pekee niliyotamani iwe kweli.

Siku hizi, mtu akirudiwa na kikohozi, homa ikatae kushuka na dawa anameza, mbavu zianze kuingia, majirani wananiita. Nawaambia kimbieni hospitali, msingoje kesho. Wanakimbia. Wengine wanarudi wakibebwa. Mimi najua, hapo siongezi chumvi. Lakini Ata pia alijua. Daktari alijua.

Juzi mke wangu ameanza tena kukohoa, na dawa alimaliza. Nyumba yetu sasa ni ya mawe, mlango ni ya chuma, imeshikwa na simiti. Nimeizunguka tangu asubuhi. Hakuna pa kuhamishia mlango.