MP3 ya Hooyo

Mimi ni mtu wa Linux, na ugonjwa wangu ni kwamba siwezi kunyamaza kuihusu. Mfumo huria wa kompyuta, naringa, kana kwamba niliuunda mimi. Spika za kompyuta yangu ziligoma tangu niiweke, wala sikujali. Mimi husikiliza kwa waya za masikioni. Basi hooyo, yaani mama yangu kwa Kisomali chetu, aliponiomba kifaa cha kusikilizia sauti ya marehemu dada yake, nilisikia swali la kompyuta tu.

Habaryar huyo, mama yangu mdogo, alikuwa bingwa wa buraanbur, mashairi ya wanawake: mmoja huimba, wengine hupiga makofi na kuitikia. Harusi ya Garissa bila yeye ilipooza. Kanda zake chache nilikuwa nimeshazihamishia kwenye kompyuta.

Sokoni nilimchosha muuzaji. Hii MP3 inataka programu yake yenyewe? Weka kando. Nilizichomeka moja baada ya nyingine kwenye kompyuta yangu, pale pale mezani pake, watu wakitazama nami nikifurahia kutazamwa. Iliyofunguka bila ubishi nikaichukua.

Nyumbani, hooyo alikuwa amewaalika wanawake wa mtaa baada ya sala ya alasiri. Walikaa mkekani, ngoma katikati, chai ya maziwa ikizunguka. Hooyo akaigeuza ile MP3, akaigeuza tena, akaniuliza sauti inatokea wapi. Nikamwonyesha waya. Haikuwa na spika. Nilikuwa nimeuliza kila kitu isipokuwa hicho, na nilitamani ardhi inimeze.

Nikasema nizihamishie zile kanda kwenye simu. Hakunisubiri. Alipenyeza waya chini ya mtandio, akafumba macho, akasikiliza peke yake huku wenzake wakimtazama midomo.

"Hooyo," akaniambia, kama mama zetu wanavyomwita mtoto kwa jina lao wenyewe, "hii ni ya mtu mmoja. Dada yangu hakuwa wa mtu mmoja."

Kisha akaanza kuimba yale aliyoyasikia, akiifuata kanda nyuma kwa mstari mmoja, kwa sauti yake kavu ambayo siku zote alisema si ya kuimba. Wanawake wakaitikia. Alikohoa, akaendelea. Mimi nilikaa mlangoni na simu mkononi, sikuthubutu kumkatiza.

Wageni walipoaga, nilimsikia akiwaambia langoni kwamba mwanawe alihangaika sana kuichagua ile MP3.