Nilimng'oa Mke Wangu Kwenye Oksijeni

Nimekosa, na kosa langu lina mashahidi. Jina silifichi kwa kuogopa polisi, maana kifungo nilishakitumikia. Nalificha kwa ajili ya wanangu, ambao wanajua nusu tu ya haya nitakayokwambia. Wewe usiyenijua nisikilize mpaka mwisho, halafu unihukumu unavyotaka.

Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga, lakini maisha nimeyatafutia Arusha mjini. Miaka ile biashara ilipoachiwa huru na kila mtu akawa na cha kuuza, mimi nilishika mitumba. Mke wangu, Aikaeli, Mchaga, alikuwa fundi cherehani hapo hapo nyumbani kwetu Kimandolu.

Nilikuwa mtu wa ngumi, nisikudanganye. Sokoni waliniogopa na nyumbani waliniogopa. Aikaeli nilishampiga kabla ya haya yote. Nataka ulijue hilo mapema, usije ukasema ni uchungu wa siku moja ulionipanda kichwani.

Ilikuwa msimu wa baridi. Mafua makali yalipita mjini, na mimi ndiye niliyeyaleta nyumbani. Nililala hoi, Aikaeli akanikanda na kunipikia uji. Nilipoinuka, akaanguka yeye.

Nikasema ni mafua tu. Nikaenda kwenye duka la dawa, moja la yale yaliyochipuka kila kona siku zile, nikanunua vidonge vya homa na vya malaria. Homa haikushuka. Akaanza kuhema kama mtu aliyepanda mlima, na yeye ameketi kitandani. Alipotaka kuniambia kitu alisema neno moja, anavuta pumzi, anasema jingine.

"Nipeleke... hospitali."

"Utapona," nikamjibu. "Mbona mimi nimepona?"

Aliyetuokoa ni kaka yake, Eliufoo, ambaye alikuwa na duka la vipuri mjini. Alikuja kutusalimia, akamkuta dada yake ameshika ukingo wa kitanda, mabega yanapanda na kushuka, midomo imekuwa ya buluu. Hakunisalimia tena. Alimbeba mpaka kwenye gari lake, mimi nikafuata nyuma kama mtu baki. Tukampeleka hospitali moja huko juu milimani.

Wakampiga picha ya kifua. Daktari aliniita dirishani, akaiinua ile picha kwenye mwanga.

"Mapafu mazima hapa huonekana meusi, kwa sababu yamejaa hewa," akasema. "Ya mke wako unaonaje?"

Yalikuwa meupe, pande zote mbili, kama ukungu umeyashukia.

Akanieleza taratibu. Mapafu si mifuko miwili mitupu kama tunavyodhani. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana vya hewa, vingi mno, na kuta zake ni nyembamba kuliko karatasi. Hewa hupenya kwenye kuta hizo ikaingia kwenye damu. Virusi vya mafua vikishuka mpaka huko chini vinaziharibu. Mwili nao unapigana, kuta zinavimba, majimaji na damu vinavujia ndani ya vifuko.

"Anavuta hewa," daktari akasema, "lakini hewa haina pa kupita. Anazama kwenye maji ya mwili wake mwenyewe."

"Dawa yake nini?"

"Ya kuviua virusi hivi sina. Sindano ninazompa ni za kuzuia vijidudu vingine visije vikaongezea. Kinachomweka hai ni oksijeni, mpaka mwili wenyewe ushinde."

Mimi nilisikia neno moja tu: sina.

Aikaeli alikuwa amevalishwa kifuniko cha plastiki puani na mdomoni, mpira unakwenda mpaka kwenye mtungi. Kwenye kitanda cha jirani yake alikuwapo mama mwingine, naye ana mpira kama huo. Asubuhi iliyofuata yule mama alifariki. Jirani mmoja wa wodini, aliyekuwa anamuuguza mkwe wake, akaninong'oneza.

"Baba, gesi ndiyo inayowamaliza. Akishawekewa hiyo, hakuna anayetoka."

Na mimi nikakumbuka baba yangu. Naye alikufa akiwa na mpira puani. Sikujiuliza kwamba wanaowekewa ni wale waliokwisha kuzidiwa. Niliona ndugu wawili tu, mpira na kifo, wameongozana.

Kulikuwa na bwana mmoja huko mjini, kata ya Sokon I, aliyekuwa akifukiza watu kwa mvuke wa majani. Nikamwita dereva wa pikapu, jirani yetu, nikamwambia asubiri nje. Nikaingia wodini saa ya kuona wagonjwa.

"Mtoe hicho kitu," nikamwambia nesi. "Namchukua mke wangu."

"Haiwezekani, baba. Ukiitoa hafiki getini."

Nikanyoosha mkono niing'oe mwenyewe. Nesi akanishika kifundo cha mkono. Nikampiga. Sikumpiga kofi, nilimpiga ngumi ya mdomo, mwanamke ambaye angeweza kuwa mdogo wangu. Akaanguka, shavu likagonga chuma cha kitanda, damu ikatapakaa kwenye gauni lake jeupe.

Eliufoo, aliyekuwa amekuja kumwona dada yake, akanirukia kutoka nyuma, akanikaba kola.

"Shemeji, usimguse dada yangu!"

Nilikamata kile chuma cha kutundikia dripu, nikakizungusha. Kilimpata jichoni. Sauti ile sitaieleza. Alipiga magoti amefunika uso kwa viganja, na kati ya vidole vyake kulikuwa kunachuruzika.

Wagonjwa walikuwa wanapiga kelele. Aikaeli alikuwa ameushika mpira kwa mikono yote miwili. Hakuwa na nguvu za kuniomba kwa mdomo, aliniomba kwa macho, akitikisa kichwa. Nilivifumbua vidole vyake kimoja kimoja. Kimoja kilivunjika. Nikamtupia begani, nikatoka naye.

Barabara ile ya kushuka ilikuwa mashimo matupu. Nilimpakata nyuma ya pikapu. Hatukufika mbali akaanza kupambana. Alinikwaruza uso, alinirarua shati, alipiga mateke ubao wa gari. Macho yalimtoka. Mdomoni likatoka povu la rangi ya waridi, na kucha zake zikawa za zambarau. Nilikuwa nimezoea kumpiga mtu akanywea. Safari hii mtu alikuwa anapigwa mikononi mwangu na kitu nisichokiona, na mimi ndiye niliyekifungulia mlango.

Dereva alisimamisha gari, akachungulia nyuma.

"Wewe, huyu unamuua," akasema. Hakuningoja nijibu. Akageuza.

Getini walinizonga. Walinzi, ndugu za wagonjwa, hata wazee wenye bakora. Walinipiga mateke mpaka mbavu zikalia, na sikurudisha hata kofi. Nikiwa chini nilimwona yule nesi, midomo imevimba, anakimbia na Aikaeli kwenye kitanda cha magurudumu, anamrudishia kile kifuniko.

Aikaeli hakufa. Alikaa hospitali muda mrefu, mimi nikiwa rumande. Alipotoka mapafu yalikuwa yamepona kama kidonda kikubwa kinavyopona, kwa kovu. Kovu halitanuki. Daktari alipokuja mahakamani kutoa ushahidi nilimuuliza ni kiasi gani cha kovu lile ni cha ugonjwa, na kiasi gani ni changu.

"Siwezi kuligawa," akanijibu. "Ugonjwa ulikuwa mkali tangu mwanzo. Wewe ulimchelewesha, halafu ukamnyima hewa. Zaidi ya hapo sijui."

Nilifungwa. Eliufoo jicho lile halikuona tena.

Nilipotoka nilikwenda kwao Aikaeli, Kilimanjaro, kuomba msamaha. Eliufoo alinifungulia, akanitazama kwa jicho moja, akanipisha. Aikaeli alitoka jikoni. Kutoka mlangoni mpaka pale nilipokaa ni hatua chache, lakini alisimama katikati, akashika nguzo, akasubiri pumzi imrudie. Hakuwa hata na mvi.

Nilipiga magoti. Nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga gerezani. Akanisikiliza.

"Umenikasirikia?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. Akavuta pumzi. "Hasira inataka pumzi. Nilizonazo... nawawekea watoto."

Akarudi ndani polepole. Sijaishi naye tena.

Ndugu yangu, mgonjwa wako akianza kuhema akiwa ameketi, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, usimwambie ni mafua tu. Mkimbize hospitali. Wakimwekea oksijeni, haiwekwi ili afe, anawekewa kwa sababu bila hiyo atakufa. Kama huelewi, uliza, na ukijibiwa uliza tena, hata mara kumi, hata wakuone mjinga. Mimi niliona aibu kuuliza, nikaona rahisi kupiga.