Kamba ya Pima Moja

Mwaka 1968, mwezi wa Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani, kaka yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akafa. Yeye alikuwa mchumaji. Mimi nilikuwa karani wa shamba hilohilo, kazi niliyoipata kwa elimu ya darasa la sita.

Kila Jumatatu niliwasomea wachumaji masharti: mtu ajifunge kamba kiunoni na kwenye shina kabla ya kukanyaga tawi, na mvua ikianza ashuke. Nikiuliza kama wamefahamu, hujibu kwa pamoja, "Tumefahamu!" Kisha kila mmoja huweka dole gumba kwenye karatasi. Dole la kaka yangu nililipokea mimi, siku tatu kabla hajaanguka.

Baada ya hitima msimamizi wa shamba alinionesha karatasi.

"Si hili dole lake? Tulimfundisha."

Lilikuwa lake. Lakini niliazimia kujua kama maneno yangu yanafika juu ya mti.

Nikaanza kuzunguka mikarafuuni. Kila nilikofika wamejifunga. Nilijipongeza wiki nzima, mpaka siku moja nikasikia ukelele kutoka juu:

"Karani huyo! Jifungeni, asije akatusomea tena!"

Wakacheka. Kesho yake nilipita kwa nyuma, katikati ya mihogo. Katika miti kumi, waliojifunga walikuwa wawili.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mchumaji wa mti wa karibu. "Mbona kamba umeitundika tu?"

"Marahaba. Panda wewe, mwanangu, uone."

Nilipanda. Kamba zetu za usumba wa nazi zilikatwa pima moja moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Nikishajifunga, karafuu zote nzuri ziko mbele na mkono haufiki.

"Hiyo ya kufungia mbuzi," alisema mzee. "Hata kaka yako alikuwa akisema hivyo."

Mimi hakuniambia. Wala sikumuuliza kamba ikoje; nilimuuliza kama amefahamu, basi.

Jumatatu niliwasomea, dole sikupokea.

"Karatasi iko wapi?" aliuliza msimamizi.

"Kwanza kamba za pima mbili, bwana."

"Unataka kufukuzwa?"

"Nifukuze. Dole sichukui."

Hakunifukuza; bila dole asingekuwa na kinga mtu mwingine akianguka. Alhamisi kamba zikaja kwa gari ya ng'ombe.

Wiki iliyofuata nilipita tena mihogoni bila kuonekana. Wote wamejifunga, isipokuwa mmoja.

"Nshazoea, karani!" alisema nilipojitokeza.

"Shuka."

Nikasimama chini ya mti wake. Alishuka akinung'unika, akaichukua kamba, akapanda tena, akajifunga.